Nafasi Isiyo na Namba

Karakana yetu ya meno bandia iko ghorofa ya tatu, katikati ya mji, na kupanda ni kwa ngazi tu. Madaktari wanatuletea vipimo vya vinywa vya watu, sisi tunamimina plasta, tunapanga meno kwenye nta, tunapika, tunasugua, tunarudisha. Kazi yangu mimi ni ya mwisho, kusugua na kung'arisha. Ufizi wa bandia ukishapita mikononi mwangu huwezi kuupata na mkwaruzo hata mmoja. Nasema hivyo ili mjue kwamba macho yangu ni mazima. Siku ile niliona kila kitu.

Mkubwa wa mafundi tulimwita Kamanda. Hakuwahi kuvaa sare maishani mwake, ila alikuwa na ile sauti ya kukuamrisha hata anapokuomba chumvi. Alikuwa na gari dogo la bluu. Mimi nilikuwa jirani yake, na kwa miaka sita alinichukua asubuhi na kunirudisha jioni bila kunidai chochote. Alichotaka ni mtu wa kumsikiliza njiani.

Mtaani, nje ya karakana, kupaki ni kwa kulipia kila saa. Vijana wenye vizibao vya njano hupita na mashine zao, wanabonyeza namba ya nafasi, karatasi inatoka, wanaibana kwenye kioo. Nafasi zimechorwa kwa rangi nyeupe, namba moja hadi arobaini na moja. Siku walipokuja kuchora, mwisho wa mstari palikuwa na pipa kubwa la taka la chuma, nao kwa uvivu wakalikwepa. Baadaye pipa likaondolewa. Ikabaki nafasi ya gari moja, haina mstari wala namba, na mashine haiwezi kutoza kitu kisicho na namba. Ukiliweka gari lako pale, limekaa bure mpaka jioni.

Kamanda ndiye aliyeligundua hilo kabla ya mji mzima. Alipaita "shambani kwangu". Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu ili tupawahi, na akishazima gari alikaa dakika nzima ameshika usukani, anatabasamu peke yake.

Kisha akaja fundi mpya. Alikaa nasi miezi minane na mpaka mwisho tulimwita Mgeni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na nane hivi, mtaratibu, mwenye vidole vyembamba. Alikaa nje kabisa ya mji, na ili akwepe foleni alikuwa anafika saa kumi na moja alfajiri, anapaki, analaza kiti na kusinzia mpaka tufungue. Bila shaka mmeshajua alikuwa anapaki wapi. Siku ya kwanza Kamanda alipokuta kigari chekundu shambani kwake, na mwanamke amelala ndani mdomo wazi, alimpigia honi hadi akaruka na kugonga kichwa.

"Samahani kaka," Mgeni alisema akishusha kioo. "Kwani hapa ni pa mtu?"

Hapakuwa pa mtu, na hilo ndilo lililomkata Kamanda maini. Zaidi ya hapo, binti alikuwa anajua kazi. Bosi, mwenye karakana, alianza kumpa meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, ambayo kwa miaka yote yalikuwa ya Kamanda. Kamanda akaanza visa. Alimfichia Mgeni kisu cha nta. Alimwaga maji kwenye plasta yake ikagoma kushika. Aliigiza namna anavyolala garini, akikoroma na kudondosha mate, na mimi nilicheka. Kicheko changu kilikuwa ndiyo nauli yangu.

Jumatano moja jioni, tukiwa tunafuta meza, Mgeni alimfuata Kamanda akiwa amekutanisha mikono kifuani.

"Kaka, nina ombi. Kesho nakuja na baba. Ana miadi saa tano, hospitali ya mtaa wa pili hapo. Mama jirani anayekaa naye amesafiri. Sasa baba kumwandaa ni shughuli, siwezi kufika kabla ya saa mbili. Nakuomba, kesho tu, uniachie ile nafasi."

Habari za baba yake tulizijua. Enzi zake alikuwa mpima barabara, na nusu ya njia za mji huu zilipita kwenye kamba yake. Siku hizi alikuwa anapotea kati ya chumbani na chooni.

Kamanda alimwangalia kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Ile siwezi, mdogo wangu, mgongo wangu hauruhusu kutembea mbali. Lakini kwa ajili ya mzee nitakupa siri. Unalijua jengo la kumbukumbu za serikali? Zunguka nyuma. Kuna geti la kijani, bovu. Mbele yake pana kivuli mpaka mchana. Hakuna mstari, hakuna namba, hakuna kizibao cha njano. Paki hapo, tulia."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Asichosema ni kwamba nyuma ya geti lile kuna bomba la zimamoto, kwamba bango la kukataza magari lilianguka zamani likaokotwa na wauza vyuma chakavu, na kwamba kila asubuhi saa tatu gari la kuvuta magari na kuyapeleka yadi huanzia hapo kazi, kama mwindaji anayekwenda kukagua mtego wake. Sisi wakongwe wa mji tulilijua hilo kama tunavyojua majina yetu.

Mashine yangu ilikuwa imezimwa. Siwezi kusema sikusikia. Nilikunja kitambaa changu mara mbili, nikakikunja tena. Mgeni aliushika mkono wa Kamanda kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akuzidishie, kaka."

Garini Kamanda alipiga usukani kwa kicheko. "Yadi watamfundisha adabu. Akitoka huko ataacha mahali pa watu."

"Na mzee je?" niliuliza.

"Mzee si atakuwa juu karakanani anakunywa chai? Wanavuta gari, hawavuti mzee."

Nikacheka naye mpaka tukafika kwenye taa.

Alhamisi, saa mbili na robo, Mgeni alipanda ngazi peke yake, anahema.

"Baba yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nimemwacha garini, dada. Magoti yake hayapandi ghorofa tatu, na bosi hataki wageni karibu na mashine. Amesinzia. Nimemshushia vioo. Namalizia haya meno ya mwalimu, saa nne nashuka." Akamgeukia Kamanda. "Kaka, pale pana ubaridi mzuri kweli. Asante."

Mkono wa Kamanda ulisimama kidogo juu ya msasa. Kisha ukaendelea.

Nilijifanya naenda kuazima brashi. "Kamanda, mzee yumo ndani."

"Nimesikia."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa najua?" Alipuliza vumbi likanijia usoni. "Wakikuta mtu ndani hawavuti. Watamwambia ahamishe gari, basi. Rudi mezani kwako."

Nikarudi. Mgeni alikuwa ameinama juu ya taa yake ya spiriti, anayeyusha nta tone kwa tone, anaimba kwa pua. Kati ya meza yake na yangu palikuwa na hatua nne. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasorobo, ikasema saa tatu, na mimi nilisugua jino moja hadi likapoteza umbo.

Saa tatu na dakika ishirini Kamanda alitangaza kwamba msasa umekwisha, akaniita nimsindikize dukani. Msasa ulikuwepo boksi zima. Na duka lilikuwa kushoto, sisi tukakata kulia.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya geti la kijani. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, amekumbatia mto mdogo wa kuegemea. Gari halikuwepo. Miguuni alikuwa na soksi tu, za kijivu.

"Habari za asubuhi, wanangu," alisema. "Vijana wamekuja kutengeneza gari la binti yangu. Wamenishusha, wakasema hairuhusiwi mtu kukaa ndani. Nimewasaidia kushika mnyororo. Ila viatu nimevisahau humo. Sijui wameelekea wapi."

Karakana ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo. Kilichotakiwa ni kumshika mkono. Au kumwambia, mzee, kaa hapa kivulini, binti yako anakuja. Hata tungempita kimya, saa nne angekutwa palepale.

Kamanda alinyosha mkono kuelekea bondeni, kwenye barabara kuu, ambako magari hayasimami.

"Wameshuka kule, mzee. Kaza mwendo, utawakuta kwenye taa."

Yadi ya magari iko upande mwingine kabisa wa mji. Mpaka leo sijui kwa nini alifanya vile. Hakukuwa na faida yoyote. Nadhani ulimi ulimwasha tu, alikuwa amezoea kunichekesha.

"Asante, mwanangu," mzee alisema. "Wewe ni mtu mwema."

Akaenda. Alikuwa na hatua za sawasawa, zilizolingana, kama mtu anayezihesabu. Kwenye kona alisimama, akaangalia pande zote mbili kama inavyotakiwa, akavuka.

"Atarudi," Kamanda alisema.

Tukanunua msasa.

Saa nne Mgeni alishuka na mkoba wake. Hazikupita dakika kumi tukamsikia kwenye ngazi, anapanda mbio, na sauti yake ilitangulia kuingia.

"Gari halipo! Baba hayupo!"

"Wamelivuta?" Kamanda alisimama na mikono kichwani. "Leo hii? Maskini wee! Sasa sikiliza, mzee atakuwa nalo huko yadi. Hawawezi kumshusha mtu mzima barabarani. Kimbilia yadi."

Mgeni alinigeukia. "Dada, hamkumwona huko nje?"

"Ningemwonea wapi? Tulifika dukani tu, tukarudi."

Ni maneno yangu hayo, nilivyoyasema. Alikwenda yadi. Foleni ya kwenda, foleni ya kurudi, na fomu za kujaza katikati. Alikuta viatu vya baba yake chini ya kiti cha mbele, vimepangwa pamoja, kamba zimefungwa. Mlinzi alimwambia kwamba mzee alishuka mwenyewe tena kwa adabu. Saa nane mchana alikuwa amerudi mtaani kwetu, anaingia duka baada ya duka na picha kwenye simu. Alianzia juu, kwenye jengo la kumbukumbu, akapanda kuelekea sokoni, kwa sababu baba yake zamani alipenda soko. Nilimwona dirishani. Mtu aliyekuwa ameshuka bondeni hakuna aliyemtafuta.

Jioni tulifunga kama kawaida. Njiani Kamanda alifungua redio, na mimi sikumwomba aizime.

Walimpata Ijumaa asubuhi. Wanawake wanaofagia kituo cha malori, mwisho kabisa wa barabara kuu, walimkuta amekaa ndani ya mtaro mkavu. Alikuwa ametembea kilomita kumi na moja. Soksi zilikuwa zimegandana na nyayo, na hospitali walizikata kwa mkasi. Alipomwona binti yake alijificha uso.

Wiki ya tatu, mzee akiwa amerudishwa nyumbani, bosi alisema lazima twende kumjulia hali mwenzetu. Kamanda akasema mgongo unamsumbua. Bosi akasema ataendesha yeye. Tukanunua matunda, tukaenda watatu.

Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, kinanuka dawa ya vidonda. Mzee alikuwa ameegemezwa mito, miguu imefungwa bandeji mpaka kwenye vifundo. Mgeni alikuwa amekonda hadi shati linamning'inia. Alisimama mlangoni na bakuli la supu mkononi, haingii ndani, kwa sababu kila alipokaribia, baba yake alipiga kelele.

"Mtoeni huyu mwanamke! Aliniacha barabarani akaondoka na gari! Anataka kunitupa tena!"

"Hali chakula," Mgeni alituambia kwa sauti isiyo na kitu ndani yake. "Kwangu hali, kwa mama jirani hali. Leo siku ya nne anakunywa maji tu."

Ndipo mzee alipogeuza kichwa akamwona Kamanda. Uso wake ulifunguka wote.

"Huyu hapa! Kijana wangu huyu! Karibu, mwanangu, karibu! Huyu ndiye aliyenionyesha njia. Yeye na dada huyu. Nikawauliza gari limekwenda wapi, akaninyoshea mkono. Kaza mwendo mzee, akaniambia, utawakuta kwenye taa. Watu wema hawa!"

Bosi alikohoa. "Mzee anachanganya mambo," alisema, akatoka nje kupokea simu ambayo hatukuisikia ikilia.

Mgeni alimtazama Kamanda, kuanzia viatuni hadi usoni. Kisha akanitazama mimi.

"Ulisema mlifika dukani tu, dada."

Nilitazama matunda.

Alimkabidhi Kamanda bakuli. "Mlishe."

"Mimi?"

"Mlishe."

Kamanda alikaa ukingoni mwa kitanda. Alichota kijiko cha kwanza. Mzee alipanua mdomo kama kinda, akala kijiko baada ya kijiko, macho hayambanduki Kamanda, mpaka bakuli likabaki jeupe. Mlangoni binti yake alimtazama akila, na machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

Tulipoaga Mgeni alimfuata Kamanda hadi ukumbini.

"Kesho saa kumi na mbili jioni," alimwambia. "Na kesho kutwa, na kila siku. Siku usipokuja, nitakwenda kwa bosi, kisha kwa mkeo, niwaeleze ulivyomtuma baba yangu."

Kamanda alikwenda siku sita. Jioni alinishusha kituo cha basi, akaendelea peke yake. Asubuhi alikuwa anafika macho mekundu.

"Ananishika mkono hauachii," aliniambia siku ya tano. "Ananiuliza gari limefika wapi. Anauliza, nikimjibu anauliza tena. Ananiita mwanangu, unanisikia? Mwanangu." Alirusha kisu cha nta mezani. "Binti yake anakaa kwenye kiti ananiangalia tu. Hata salamu hanipi."

Siku ya saba hakwenda. Alizima simu. Mgeni akafanya alivyoahidi. Alikuja karakanani, akamweleza bosi yote, sisi wawili tumesimama palepale. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mstaarabu.

"Pole sana," akasema. "Lakini hayo yametokea nje ya karakana. Siwezi kumfukuza fundi kwa sababu alionyesha mtu njia vibaya. Na wewe umekosa kazini mwezi mzima."

Akampa vifaa vyake ndani ya mfuko wa nailoni. Meno ya mbele yalirudi kwa Kamanda siku hiyohiyo. Kwa mke wa Kamanda sijui alikwenda au hakwenda. Ninachojua ni kwamba mke yupo, na Kamanda amenenepa.

Akiwa kwenye ngazi Mgeni alinigeukia.

"Baba anakukumbuka na wewe. Njoo ujaribu. Nakuomba."

Nilikwenda jioni ile. Nilivuta kiti karibu na mzee, nikachota supu, nikaipuliza. Alinitazama kwa muda mrefu, ananitafuta, na nikaona wazi pale aliponipata.

"Wewe ulinyamaza," alisema, akafumba mdomo.

Sikurudi tena. Alikufa baada ya siku kumi na mbili.

Msibani nilikwenda peke yangu. Nilichagua kiti cha nyuma kabisa, kwenye uzio, nikapanga kuondoka mapema. Mgeni aliniona. Alipita katikati ya watu wote, akanishika mkono, mkono wake mkavu na wa baridi, akaniongoza mpaka mstari wa mbele wa familia, akanikalisha kati yake na shangazi yake.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya kusikika, "huyu ni dada wa kazini. Ndiye wa mwisho kumwona baba akitembea kwa miguu yake mwenyewe."

Shangazi aliniangukia shingoni. "Asante, mwanangu! Alikuwaje? Alikuwa na hofu? Alisema nini?"

Viti vikasogezwa. Wazee wakainamisha masikio. Mgeni hakuuachia mkono wangu.

"Waambie, dada. Waambie alivyosema."

"Alitusalimia vizuri," nikasema. "Alitushukuru."

"Na wewe ulimwambia nini?" shangazi akauliza, ananifuta machozi kwa kitambaa chake.

Nilisema nilimwambia, baba, njoo ukae nami kivulini, akakataa. Nilisema nilimbembeleza. Nilisema nilimshika hata mkono. Watu wakaguna kwa uchungu, shangazi akanibusu kiganja, na mtu akaenda kuniletea maji ya kunywa. Mgeni alinisikiliza hadi mwisho. Kisha aliniachia mkono, akainuka, akaenda kukaa upande mwingine, na kila mwombolezaji mpya alipofika kutoa pole alimwonyesha kwa kidole mahali nilipokaa, ili nimsimulie na yeye.